Miezi Mitatu Niliyokuwa Benki

Mimi ndiye mtu wa kwanza Handeni kuweka mashine ya kadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili lisije likasahaulika, maana huko mbele kuna mambo ambayo hayanisifu sana, na msomaji anaweza kupitiwa akadhani anasoma habari za mtu mjinga.

Shule niliishia darasa la nne. Niliosoma nao waliendelea, wengine mpaka vyuo, na leo wakijenga wanakuja kwangu kuomba niwapunguzie bei ya misumari. Nawapunguzia. Wakishaondoka namwambia mke wangu, "Umemwona yule? Alikuwa wa kwanza darasani." Mke wangu hujibu kwamba ameshasikia. Namwambia tena.

Kazi niliianzia Korogwe, ukuli, kwenye duka la vifaa la mzee mmoja wa Kihindi. Mzee huyo alizaliwa Korogwe, baba yake alizaliwa Korogwe, na Kishambaa anakiongea vizuri kuliko mimi Mzigua ninavyoongea Kizigua. Makuli wote tulimwita Tajiri, na hata leo, nina miaka hamsini na mbili, nina gari na nyumba mbili, nikimwona ulimi wangu wenyewe unasema Tajiri. Nilishusha mifuko ya saruji kutoka kwenye malori hadi stoo nikiwa peku. Mgongo wangu unaijua fremu ile ya duka kuliko unavyolijua godoro langu.

Mambo mawili nilijifunza pale. La kwanza ni la ufagio. Mfuko ukipasuka Tajiri hakugomba. Alikuletea ufagio mwenyewe. Ulifagia, ukachekecha utoe mchanga na vijiti, na saruji ile ikauzwa kwa kilo kwa watu wa kuziba jiko au kusakafia kaburi. Siku moja nikamwuliza kwa nini tunahangaika na vumbi. Akaupiga mfuko mzima kofi, ukatoa moshi.

"Huu, kijana, karibu wote ni wa kiwanda na wa mwenye lori," akasema. "Wangu mimi ni hicho kilichomwagika hapo chini. Fagia."

La pili ni la kufunga hela. Jioni Tajiri alikata vipande vyembamba vya karatasi ya mfuko wa saruji, ile ya kaki, akafungia noti za elfu kumi, kumi kumi, kila fungu laki moja. Raba inakauka na kukatika. Karatasi ya saruji haikatiki, mradi uikate kufuata urefu wa mfuko, maana ukiikata kwa upana inachanika mkononi. Nilipofungua duka langu Handeni nikawa nafunga hivyohivyo, na juu ya karatasi naandika kwa penseli ya fundi seremala: 1L. Handeni nzima hakuna mwingine anayefunga hela namna hiyo. Hilo mlishike.

Basi mwaka juzi, miezi mitatu kabla ya Idi ya kuchinja, Tajiri akanipigia simu. Amechoka, wanawe wako Dar na hakuna anayetaka kuuza misumari. Baada ya Idi anahamia kwa binti yake. Duka anafunga, fremu anapangisha, jengo ni lake.

"Wapo watu wameniuliza," akasema, "lakini nimekukumbuka wewe. Kodi ya mwaka mzima, milioni nne na laki nane. Alhamisi ya mwisho kabla ya Idi nitakaa dukani mpaka adhuhuri. Atakayeweka yote mezani anachukua funguo."

"Hao wengine waambie wasijisumbue, Tajiri."

Nilikata simu nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Nikisema nililia nitakuwa najidhalilisha, kwa hiyo niseme vumbi la saruji liliniingia machoni. Miaka sita niliyofanya kazi kwenye fremu ile sikuwahi kusimama nyuma ya kaunta hata mara moja. Kuli anapita mlango wa nyuma. Sasa nilikuwa nakwenda kupita mlango wa mbele, na funguo mkononi. Nilishakuwa na milioni tatu zimetulia. Zilizobaki, kwa miezi mitatu, duka langu lilikuwa linaziweza bila kutoka jasho.

Na kwa kuwa lilikuwa jambo la hakika, nikalitangaza. Nililitangaza kwa kinyozi, nikalitangaza nje ya msikiti, nikalitangaza kwenye harusi moja huko Kwedizinga ambako nilichukua kipaza sauti bila kuitwa. Nililitangaza na kwa mama jirani. Mama huyo duka lake liko ng'ambo ya barabara, tunatazamana, anauza vitu vilevile ninavyouza mimi. Ila mimi nauza nimesimama, nasikika mpaka stendi, na yeye anauza amekaa, anafuma vitambaa vya makochi. Aliponisikia alinyanyua uso.

"Hongera, kaka. Alhamisi hiyo mwisho saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Mungu akufanyie wepesi," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Ndipo akaja kijana wa benki. Viatu vyake vilichongoka mbele kama sururu, na tai alikuwa ameifunga mpaka nikamwonea huruma.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mfanyabiashara mkubwa wa hapa?"

Kijana aliyeanza vizuri hivyo ungemfukuza? Nikamvutia kiti. Akanieleza kwamba wateja wa kisasa hawatembei na keshi. Mteja anaingiza kadi kwenye mashine, anabonyeza namba yake ya siri, hela inaingia kwenye akaunti yangu kesho yake.

"Na nyie mnapata nini?"

"Kidogo tu, mzee. Kila mia inayopita, benki inabaki na mbili na nusu."

"Anatoa mteja?"

"Unatoa wewe, mzee. Mteja halipi kitu. Na mkataba unakataza kumwongezea bei kwa sababu ametumia kadi."

Mbili na nusu! Mimi hata sarafu ya mia ikidondoka huwa siinami. Nikamwambia alete. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na nne na nilisaini zote, hata zile zisizokuwa na mahali pa kusaini, ili aone mkono wangu haujasahau. Akanipa kofia na mwavuli vyenye rangi za benki, tukapigwa picha tumeshikana mikono. Nimekuja kuipigia hesabu kofia ile. Ndiyo kofia ya bei mbaya kuliko zote zilizowahi kuvaliwa mkoa wa Tanga.

Fundi wa mabango akaniandikia ubao mkubwa, herufi nyekundu: KADI HAPA. HAKUNA MAKATO. Huo msemo wa pili niliuongeza mimi mwenyewe. Kijana wa benki hakuniambia.

Wa kwanza kutoa kadi alikuwa mwalimu mmoja anayefundisha Kwaluguru, anajenga. Alitaka mifuko ishirini ya saruji.

"Bei gani, mzee?"

"Kumi na nane."

"Kumi na sita."

"Mwalimu, kumi na sita hata kiwandani hawakupi. Labda uende na bunduki."

"Kumi na sita na nusu. Mimi mtu wa serikali, nihurumie."

"Mimi nimeinunua kwa hiyo kumi na sita na nusu! Nani amhurumie mwenzie?"

Tulivutana mpaka chai yangu ikapoa. Mwisho akanyoosha mkono. "Kumi na saba, mzee, na mkono huu hapa." Nikaushika. Kwetu mkono ukishashikwa bei imefungwa. Hata usikie kiwanda kimeungua dakika hiyohiyo, bei ni ileile. Na mwalimu, mkono uleule niliotoka kuushika, akauingiza mfukoni akatoa kadi.

"Mwalimu, mbona umebishana kama mtu wa keshi?"

"Mzee, na wewe mbona umeandika kama mtu wa benki?"

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa sijapiga hesabu. Nilipopiga, kicheko kikakata. Faida yangu kwa kila mfuko ilikuwa mia tano. Benki ilichukua mia nne na ishirini na tano. Mimi niliyeununua mfuko, nikaupakia, nikaupakua, nikaufunika mvua isiunyeshee, nikabishana mpaka koo likakauka, nilibaki na sabini na tano. Hiyo ni pipi moja, na chenji ambayo sarafu yake haionekani tena nchi hii. Benki haikubeba hata mfuko mmoja.

Mtu mwingine angeichomoa mashine siku hiyohiyo. Lakini ubao ulikuwa umeshasomwa na mji mzima, na mimi si mtu wa kufuta maneno. Nikasema mauzo yakiwa mengi, hizo sabini na tano zitajikusanya. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti kubwa, na mimi nikiongea kwa sauti kubwa huwa najiamini.

Halafu akaja nesi, anatoka Mazingara. Hakutaka saruji wala misumari.

"Baba, shikamoo. Sinunui kitu leo. Kwenye mashine ya kutolea hela foleni imezunguka jengo, na nikienda kwa wakala ananikata. Nipitishie laki mbili kwenye kadi, unipe keshi."

Nikapitisha, mashine ikalia, nikafungua droo nikampa mafungu mawili, 1L na 1L. Alizipokea kwa mikono miwili.

"Na hunikati?"

"Soma ubao, mama."

"Baba, wewe ni benki!"

Nyie mliosoma hamuwezi kujua neno lile lilivyoniingia. Darasa la nne, kuli wa Korogwe, benki. Nilitoka nje nikaivaa ile kofia.

Habari zilitembea haraka kuliko pikipiki. Mwezi ulipoisha, watumishi walipolipwa, watu walipanga mstari kutoka kaunta yangu mpaka kwenye mtaro. Walimu, manesi, mabwana shamba, askari mmoja wa wanyamapori. Nikawawekea benchi. Nikaweka ndoo ya maji ya kunywa yenye bomba. Droo ikikauka nilikwenda kutoa benki, nikafunga mafungu mapya. Wakala mmoja wa kutoa hela kwa simu, ambaye kibanda chake kilikuwa kimepooza, akanifuata.

"Mzee, unatuharibia kazi. Wewe hapo unakula wapi?"

"Nakula heshima."

"Na unaipikia mafuta gani?"

Nilimwona hasidi. Kwenye kila laki niliyoitoa kwa mkono wangu, benki ilinimega elfu mbili na mia tano, na sikuwa nimeuza hata kipande cha waya. Nilikuwa nalipa ili watu wapate hela zao wenyewe. Nimeyaandika hapa kwa mstari mmoja mfupi na yanaeleweka. Lakini wakati ule kila jioni niliangalia karatasi ndefu iliyotoka kwenye mashine, inayoonyesha kiasi gani kimepita, na kilikuwa kingi kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Kiasi kilichoingia benki kweli kilikuwa kwenye ujumbe wa simu, na ujumbe huo huja kwa Kiingereza, mimi nasomewa.

Aliyeniamsha ni mke wangu. Alikuwa amekaa dirishani anachambua mchele.

"Baba watoto, hawa wateja wako mbona wanatoka mikono mitupu?"

"Wanafuata huduma."

"Wakitoka wanavuka barabara. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Wanaingia kwako mikono mitupu, wanatoka mikono mitupu, wanavuka, na kule wanatoka na mifuko."

Nikaenda dirishani. Nikamwona mwalimu wangu wa Kwaluguru, yule wa mkono, anatoka dukani kwangu anazitia noti mfukoni. Akavuka. Dakika kumi baadaye mkokoteni ukatoka kwa mama jirani na mifuko kumi na mitano ya saruji, mwalimu nyuma yake anausukuma. Mlangoni pa mama palikuwa na kipande cha boksi, kimeandikwa kwa kalamu ya wino, maandishi madogo ya mtu asiyependa makelele: Saruji 16,900. Keshi tu.

Mia moja chini yangu. Na aliweza, kwa sababu hakuwa na mashine ya kuimegea chochote. Nikavuka barabara na kofia yangu.

"Mama, unanichukulia wateja."

"Mimi?" Hakuacha kufuma. "Mtu akija hapa akasema ana kadi, namwambia avuke kwa kaka, atapewa keshi bure. Nakutumia watu kila siku, kaka. Si unawapenda?"

"Wanachukua hela kwangu wanakuja kununua kwako!"

"Ubao wako unasema hakuna makato. Mimi sijaongeza hata herufi."

Wateja wake walikuwa wanasikiliza. Nikatafuta neno la kumaliza nalo. "Alhamisi mbili zijazo nachukua fremu ya Korogwe. Utabaki hapa na vitambaa vyako."

"Inshallah," akasema.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu hasa, na yale mengine yote niliyoyaeleza ni ya kawaida. Nilirudi dukani, nikauangalia ubao, na nikajua kabisa kwamba ukiteremka leo, Alhamisi nafika Korogwe na pumzi. Ngazi ilikuwa pale, nauza ngazi. Lakini kwenye mstari kulikuwa na watu kumi na mbili, na wote wakaniambia, "Benki, shikamoo." Ubao ukabaki juu.

Siku ya Jumatano nikakusanya kila kitu. Milioni nne kamili. Zilipungua laki nane. Kabla ya mashine duka langu lilikuwa linatengeneza milioni moja na laki nane na ziada kwa miezi mitatu, hata nikiwa nimelala. Sikulala usingizi mzuri, lakini nikajituliza: Tajiri ananijua. Mgongo wangu umembebea mifuko mingapi? Nitaweka nne mezani, nitamwambia laki nane baada ya Idi, atanigombeza kidogo, atanipa funguo.

Alhamisi asubuhi nimeshawasha gari, mishahara ya Idi ilikuwa imetoka. Wakaniwahi mlangoni. "Benki, kabla hujaondoka!" Ningeweza kusema hapana. Nikazima gari, nikahudumia watu saba kwa keshi ya dukani niliyoiacha kwenye droo, nikachelewa saa nzima, na mmoja wao akanipa mkono akaniambia Mungu anizidishie. Duka la ng'ambo lilikuwa limefungwa. Nilidhani mama anaumwa.

Nilifika Korogwe adhuhuri haijaingia. Nikapita mlango wa mbele. Tajiri alikuwa nyuma ya kaunta na miwani yake imefungwa uzi, na mbele ya kaunta, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amekaa mama jirani. Kitambaa alikuwa amekikunja mapajani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hafumi.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba, kijana. Ngoja nimalize, nisipoteze hesabu."

Alikuwa anahesabu mafungu. Nikayaangalia. Machache yalifungwa kwa raba. Mengine, na yalikuwa mengi, yalifungwa kwa karatasi ya kaki iliyokatwa vizuri kufuata urefu wa mfuko, na juu yake kwa penseli ya fundi: 1L. 1L. 1L. Watu hawakuhangaika hata kuyafungua. Walizichukua kwangu zikiwa zimefungwa, wakamwekea yeye zikiwa zimefungwa, naye akazipandisha gari la kwanza la asubuhi zikiwa zimefungwa.

"Hizi karatasi ni zangu," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na karatasi.

"Karatasi zako, kaka," mama akasema taratibu. "Hela zangu. Nimeziuzia saruji."

Tajiri akaweka fungu la mwisho. Akavua miwani. Alishaelewa yote, maana hela zilizofungwa hivyo duniani zinatoka sehemu mbili, na moja ilikuwa mikono yake mwenyewe.

"Umeleta ngapi?"

"Nne."

"Ningekungojea, kijana. Wallahi ningekungojea hata mpaka Maulidi. Lakini nilisema atakayeweka yote mezani. Huyu ameweka, na mkono tumeshapeana."

Mkono ulikuwa umeshashikwa.

"Mimi nilikufundisha kuzifunga," Tajiri akasema. "Hukuniambia kama unazigawa." Kisha akauliza, kama alivyokuwa akiuliza jioni zile za zamani akifunga milango, "Mifuko mingapi imepasuka?"

"Yote, Tajiri."

Hakucheka. Akamwagiza mtu chai, vikombe vitatu, na tukainywa. Mama akanisukumia sukari. Chai ya Tajiri bado ina tangawizi nyingi kupita kiasi. Nilipoondoka nilitoka kwa mlango wa nyuma, si kwa hasira, miguu tu ndiyo njia inayoijua, na nilipita pale stoo nikaona ufagio umesimamishwa pembeni ya mlango, mpya, lakini pahali ni palepale.

Handeni niliwaambia watu kwamba nimeikataa fremu. Nikasema Korogwe kuna joto, saruji inaganda stoo. Kinyozi akasema hajawahi kusikia saruji inayogandishwa na joto. Nikamwambia anyoe. Ubao niliuteremsha mwenyewe Ijumaa, wakati watu wako msikitini. Mashine nimebaki nayo, lakini kwenye mstari nikatangaza kwamba kadi ni kwa anayenunua tu. Mstari ukaisha kabla sijamaliza sentensi. Nesi wa Mazingara akanisikitikia: "Baba, kumbe benki nayo inafilisika?" Wakala wa simu alinitumia maandazi, na mpaka leo sijajua kama ilikuwa kejeli au shukrani. Niliyala.

Mwaka huu, miezi michache iliyopita, nilikuwa napita Korogwe, tairi likapasuka karibu kabisa na mtaa ule. Fundi wa tairi hapokei kitu kingine zaidi ya keshi, na mfukoni nilikuwa na kadi tu, mimi mtu wa kisasa. Kwenye mashine za kutolea hela palikuwa na foleni ya mwisho wa mwezi. Nikasimama, nikafikiri, halafu nikaingia kwenye fremu.

Mama alikuwa nyuma ya kaunta, anafuma. Mashine ya kadi ipo, ndogo, imefunikwa kitambaa chake mwenyewe cha kufuma kama redio ya bibi. Juu yake ubao, maandishi madogo: BEI ILIYOBANDIKWA NI YA KADI. KESHI, NJOO TUONGEE.

Nilisimama nikausoma mara mbili. Makato ameshayaweka ndani ya bei. Mwenye kadi hajaongezewa kitu, mkataba haujavunjwa, na mwenye keshi anapunguziwa huku anashukuru. Kurasa zangu kumi na nne yeye amezijibu kwa maneno manane.

"Karibu, kaka. Za Handeni?"

"Nzuri. Nipitishie elfu hamsini, unipe keshi. Nina tairi."

"Hapa tunauza saruji, kaka. Benki iko kule kona."

"Mama, ni mimi!"

"Ndiyo maana nakwambia taratibu." Akaweka kitambaa chini. "Elfu mbili na mia tano, nitakupitishia."

"Elfu mbili na mia tano kwa hamsini? Benki yenyewe inakumega elfu moja na mia mbili na hamsini. Hesabu hiyo naijua vizuri kuliko mtu yeyote mkoa huu."

"Najua unaijua. Nyingine ni ya usumbufu."

"Elfu moja na nusu."

"Elfu mbili, na foleni ya kule umeiona."

Akanyoosha mkono. Nikaushika. Mashine ikalia, akafungua droo, ile droo ya Tajiri inayokwama ukiivuta kulia, na akanihesabia kutoka kwenye fungu moja. Fungu lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji. Alipolifungua karatasi ikachanika vipande viwili. Akasonya, akavitupa kwenye boksi. Boksi lilikuwa limejaa karatasi zilizochanika.

"Mama," nikasema, "unazikata kwa upana."

"Ndivyo zilivyokuwa zako."

"Zangu zilikuwa hivi? Lete mfuko. Lete na kisu."

Nikazunguka kaunta nikasimama upande wake, nikautandaza mfuko mtupu juu ya meza ya Tajiri, na nikamkatia vipande ishirini kufuata urefu, vyembamba, sawasawa, hakuna hata kimoja kilichopinda. Fundi wa tairi alikuja kuniita mara mbili. Nikamwambia asubiri, nipo kazini.